Vipini, Pete na Lango la Ukaguzi: Kwa Nini Sivui Kitu Uwanjani

Watu wanaoniona na kipini puani, pete kadhaa kwenye gegedu la sikio na kijiti chenye gololi mbili kitovuni huniuliza, kabla ya jambo lingine lolote, ninapitaje ukaguzi wa uwanja wa ndege bila kuvua kimoja baada ya kingine mbele ya foleni. Jibu langu huwashangaza, kwa sababu ni kwamba sivui. Ninapita navyo vyote, na mara nyingi lango hubaki kimya kana kwamba sikuvaa kitu. Ikitokea likalia, au mashine ikaweka alama mahali fulani mwilini mwangu, kinachofuata ni mazungumzo mafupi na upekuzi mfupi zaidi, kisha nachukua mkoba wangu na kwenda zangu. Ninaandika haya kwa ajili ya yule aliyetogwa hivi karibuni, ana safari mbele yake, na ameanza kushawishika kuvua pambo lake usiku wa kuamkia safari ili asipate usumbufu. Ningependa asivue, na ningependa aelewe kwa nini.

Hofu nyingi hutokana na kudhani kwamba lango linatafuta chembe yoyote ya chuma na kwamba litaipiga kelele popote ilipo. Lango la kugundua metali, lile ambalo abiria hulipita akitembea, lina nyaya zilizozungushwa ndani ya kuta zake. Nyaya hizo hupitishiwa umeme kwa mapigo mafupi, mara nyingi ndani ya kila sekunde moja, na kila pigo hujenga uga wa sumaku unaozimika papo hapo. Kitu kinachopitisha umeme kikiwa katikati ya lango, uga huo huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu ambao huchelewa kidogo kufa baada ya pigo kwisha. Lango hupima kule kuchelewa. Likiona kumezidi kiwango kilichowekwa na wenye uwanja, hulia. Kusipozidi, hunyamaza hata kama metali ipo.

Kutokana na hapo utaona kwamba lile jaribio la kugusisha sumaku ya jokofu kwenye pambo ili kujua kama litaliza lango halina maana yoyote. Lango haliulizi kama kitu kinavutwa na sumaku. Linajali kama kinapitisha umeme, na dhahabu, ambayo watu huniapia kuwa "haionekani" na mashine, hupitisha umeme vizuri mno: ni fedha na shaba pekee zinazoizidi miongoni mwa metali za kawaida. Kwa upande mwingine, titani safi haifikii hata sehemu 5 kwa 100 za uwezo wa shaba, na aloi ya titani inayotumiwa na watogaji makini, ile inayotambulika kwa kiwango cha ubora kiitwacho ASTM F136 na ambayo hutumika pia katika vipandikizi vya mifupa, iko chini zaidi ya hapo. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L, ambacho wauzaji hupenda kukiita chuma cha upasuaji, nacho ni mpitishaji dhaifu. Kwa hiyo pambo zuri la titani ambalo mtogaji wako alikuwekea kwa ajili ya afya ya kidonda ndilo pia lenye nafasi kubwa ya kupita bila kusikika, na yule aliyebadilisha akaweka pete nene ya dhahabu au fedha ili "asisumbuliwe" amejiongezea kazi.

Ukubwa ndio jambo la pili, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Kipini cha pua huwa na unene wa milimita 0.8 au 1. Kijiti cha kitovuni huwa na unene wa milimita 1.6 na urefu wa takriban milimita 10 kati ya gololi na gololi. Kwa uzito, mapambo ya namna hii mengi ni mepesi kuliko sarafu moja iliyosahauliwa mfukoni, na wenye uwanja hawawezi kuweka lango lilie kwa kila kitu chenye uzito huo, maana lingelia kwa kila zipu na kila kifungo, na foleni ingefika barabarani. Umbo nalo lina sehemu yake: pete iliyofunga mduara huupa mkondo njia ya kuzunguka, hivyo pete pana husikika kirahisi kuliko kijiti kilichonyooka chenye uzito uleule. Ndiyo maana mtu mwenye vipini vingi vidogo anaweza kupita kimya, na aliyemfuata, mwenye bangili moja pana ambayo haivuki kiganja, akarudishwa.

Kiwango cha kulia hutofautiana kati ya uwanja na uwanja, na hata lango na lango. Mapambo yaleyale yanaweza kupita mahali pamoja na kulia mahali pengine siku hiyohiyo, wala si dalili kwamba kuna aliyekukamia. Zaidi ya hapo, malango mengi huwekwa yalie kwa bahati nasibu, bila kugundua chochote, ili abiria asiye na kitu naye apekuliwe na mtu mwenye nia mbaya asiweze kukokotoa mapema nani atasimamishwa. Nimewahi kumsikia kijana nyuma yangu akilaani pete yake ya nyusi baada ya lango kulia, ilhali taa za pembeni, ambazo katika malango ya kisasa huonyesha kimo cha kilichogunduliwa, zilikuwa zimewaka usawa wa kiuno. Ulikuwa mkanda. Mkanda, saa, viatu vyenye bamba la chuma ndani ya soli na sidiria yenye waya ndivyo vinavyoliza malango, lakini aliyetogwa hujishuku kwanza yeye mwenyewe, na mara nyingine afisa naye humshuku kwa sababu pambo la usoni ndilo analoliona.

Hesabu hubadilika ukikutana na skana ya mwili, ile mashine ambayo unaingia, unasimama miguu ikiwa mbalimbali na kuinua mikono juu ya kichwa. Mashine hizi zilienea sana baada ya tukio la tarehe 25 Desemba 2009, pale Umar Farouk Abdulmutallab alipojaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Amsterdam kwenda Detroit kwa baruti aliyoificha ndani ya nguo ya ndani. Baruti ile haikuwa metali, hivyo lango la kawaida halikuwa na la kusema juu yake. Skana nyingi zinazotumika sasa hutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa takriban sentimita moja, katika masafa ya takriban gigahezi 24 hadi 30, ambayo hupenya nguo, hugonga ngozi na kurudi. Si mionzi ya eksirei. Umoja wa Ulaya uliporuhusu skana za mwili mwaka 2011 uliziacha nje zile za eksirei, na Marekani iliziondoa zake katika viwanja vya ndege mwaka 2013.

Kwa kuwa mawimbi hayo hurudishwa na uso wa mwili, skana inatafuta chochote kilichokaa juu ya ngozi ambacho umbo lake halilingani na mwili. Haijali kama ni chuma, mbao, plastiki au karatasi iliyokunjwa. Hapa ndipo ushauri mmoja maarufu unapoanguka, ule wa kubadilisha pambo la metali na kuweka la plastiki siku ya safari. Katika lango la kugundua metali litakusaidia kweli. Katika skana, gololi ya plastiki kitovuni ni gololi tu, na inaweza kuwekewa alama sawasawa na ya titani. Kinyume chake, kijiti cha ulimini, ambacho wengi hukihofia sana, skana haikioni kabisa, kwa sababu mawimbi yale hayaingii kinywani kupitia shavu. Vipini vya pua na masikio viko wazi usoni, na afisa anaviona kwa macho yake kabla mashine haijasema neno. Mahali panapowekewa alama mara kwa mara, kwa uzoefu wangu na wa rafiki zangu waliotogwa, ni kitovu na chuchu, maana viko chini ya nguo, kila kimoja katika eneo lililo laini na lisilo na kitu kingine cha kukieleza.

Wengi bado wanaamini kwamba afisa anaona mwili wako uchi kwenye kioo. Ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani katika miaka ya mwanzo, na malalamiko yalikuwa ya haki. Leo, katika skana za kawaida, programu yenyewe ndiyo inayosoma picha, na afisa huonyeshwa mchoro wa mtu usio na sura wala jinsia, ulio sawa kwa abiria wote, wenye kisanduku cha rangi pale palipotiliwa shaka. Kisanduku hicho hakisemi kuna nini. Kinasema pana kitu, basi, na kazi ya afisa ni kukiondolea mashaka. Ukishalielewa hilo, utajua kwamba hutakiwi kuwa mtu asiye na kitu mwilini. Unatakiwa kuwa mtu ambaye kitu alicho nacho kinaelezeka.

Kueleza huko kuna namna yake. Mimi husema kabla sijaulizwa, pale tu ninapoona afisa anatazama kioo au anasogea: "Nimetogwa kitovu, pambo liko hapo." Sauti huwa ya kawaida, mkono hauendi mahali penyewe. Kuhusu mkono ninasisitiza, kwa kuwa mtu anayejipapasa ghafla chini ya nguo mbele ya maafisa wa usalama hujiletea maswali ambayo kinywa kingeyamaliza. Afisa naye hupapasa eneo hilo juu ya nguo, au hupitisha kigunduzi cha mkononi, au hupangusa viganja vyangu kwa kitambaa kidogo kinachoingizwa katika mashine ya kunusa mabaki ya baruti. Kwa mantiki yao jambo hilo lina maana: wakijua kuna gololi, wakaigusa ikawa gololi, na viganja havina baruti, shaka imekwisha. Upekuzi wa mwili kwa kawaida hufanywa na afisa wa jinsia yako, na ikiwa aliyesimama mbele yako siye, una haki ya kusubiri aitwe mwingine. Kusubiri kunachosha, nakiri, hasa muda wa kupanda ndege ukiwa umekaribia, lakini ni afadhali ufike uwanjani mapema kuliko kukubali jambo kwa haraka ukabaki nalo moyoni safari nzima.

Katika uwanja mmoja, ambao sitautaja, afisa wa kike alitaka niinue blauzi palepale kando ya mkanda wa mizigo ili aone. Ni sentimita chache za tumbo, na kuna wenzangu ambao wangeziinua bila kufikiri mara mbili. Mimi nilimwomba tuende chumba cha faragha, akaniambia hakuna haja, nikamjibu kwa upole kwamba kwangu ipo. Akaita mwenzake, tukaingia watatu, wakatazama, wakashukuru, tukatoka. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka uamuzi wa nani aone tumbo langu ubaki wangu, na kwa sababu nimegundua kwamba mtu akiomba kwa adabu na bila kuyumba, maafisa wengi hukubali. Katika viwanja vingi abiria anaweza kuomba faragha, na katika nchi kama Marekani anaweza pia kuingia na mtu anayesafiri naye kama shahidi. Kama huna wa kuingia naye, omba wawepo maafisa wawili.

Mahali pengine nilikutana na afisa asiyetoa ndewe wala sikio: kipini cha pua kitoke, la sivyo sipiti. Kipini kile hakikuwa kimeliza kitu. Lango lilikuwa limenyamaza. Nilimweleza kwamba hakitoki bila vifaa, hakunisikiliza. Nilimwomba amwite msimamizi wake, nikasogea pembeni ili nisiwazuie walio nyuma, na msimamizi alipofika alinitazama usoni muda wa pumzi moja, akaashiria nipite. Sikupewa maelezo yoyote. Nalisimulia kwa sababu msomaji mmoja atakutana na afisa wa namna hiyo, na ni vizuri ajue kwamba kati ya kutii kila kitu na kugombana kuna njia ya tatu, nayo ni kuomba msimamizi. Kugombana, hata ukiwa na haki yote, hakujawahi kumfikisha mtu kwenye ndege mapema.

Utaratibu wa kutomlazimisha mtu kuvua haukushuka kutoka mbinguni, angalau nchini Marekani. Mwezi Februari 2008, katika uwanja wa ndege wa Lubbock, Texas, mwanamke mmoja aliyekuwa akielekea Dallas alipitishiwa kigunduzi cha mkononi, nacho kikalia kifuani. Aliwaambia maafisa kwamba ametogwa chuchu. Kwa maelezo aliyoyatoa hadharani mwezi uliofuata, akiwa na wakili Gloria Allred, aliambiwa hatapanda ndege mpaka avue mapambo hayo, akapelekwa nyuma ya pazia. Kijiti cha upande mmoja kilitoka bila shida. Pete ya upande wa pili ilikataa, akapewa koleo, akaing'oa kwa maumivu huku akisikia, kwa maelezo yake, maafisa wa kiume wakichekelea. Kisha akaruhusiwa kupanda ndege, ilhali pambo la kitovuni lilikuwa bado liko mahali pake.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera kuliko koleo lenyewe. Ikiwa pambo moja la metali chini ya nguo lilikuwa hatari kiasi cha kumng'olea mtu mwili, la pili lilipitaje? Mamlaka inayosimamia ukaguzi nchini humo, TSA, ilitoa kauli mwishoni mwa Machi mwaka huo ikisema kwamba maafisa walikuwa wamefuata utaratibu uliokuwepo, lakini kwamba utaratibu wenyewe ulihitaji kubadilishwa, na kwamba tangu hapo abiria angeelezwa kuwa anaweza kuchagua pambo likaguliwe kwa macho badala ya kulivua. Yaani kilichohitajika kuzuia mateso yale kilikuwa afisa wa kike, pazia na macho, vitu ambavyo vyote vilikuwepo siku ile. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba aliyetogwa "amejitakia" usumbufu wa uwanjani, hukumbuka kisa hicho. Aliyejitakia pambo hakujitakia koleo.

Sasa nije kwa yule aliyetogwa karibuni, maana kwake kuvua kuna madhara zaidi ya kupoteza muda. Tundu jipya ni jeraha, na pambo ndilo linaloliweka wazi ili ngozi iote kulizunguka na uchafu upate njia ya kutoka. Ndewe huchukua takriban wiki 6 hadi 8 kupona. Ulimi wiki 4 hadi 6. Pua ni miezi kadhaa. Gegedu la sikio, kitovu na chuchu huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima, na wakati mwingine zaidi. Ndani ya muda huo tundu linaweza kunywea au kuziba kwa saa chache tu baada ya pambo kutoka, na la ulimini lina sifa mbaya zaidi kwa haraka hiyo. Mtu aliyevua nyumbani alfajiri akidhani atarudisha baada ya kuvuka ukaguzi hujikuta chooni uwanjani, mikono haijaoshwa sawasawa, akisukuma kijiti ndani ya tundu lililokwisha kujikunja, mbele ya kioo chenye mwanga hafifu. Hivyo ndivyo uambukizo unavyopatikana, na hivyo ndivyo njia mpya isiyotakiwa inavyotobolewa ndani ya nyama. Kuna pia mapambo ambayo hayatoki kabisa kwa mkono: pete zinazofungwa kwa gololi iliyobanwa huhitaji koleo maalumu, na yale yaliyopandikizwa yakiwa na kibati chini ya ngozi hutolewa na mtaalamu peke yake. Mwenye nayo na aseme hivyo waziwazi, maana afisa asiyeyajua huyaona kama kipini cha kawaida tu.

Kwa anayehitaji kuvua kwa sababu nyingine, labda kazi au heshima ya mahali anapokwenda, watogaji huuza vijiti vya kioo vya kushikilia tundu. Ni suluhisho zuri kwa tundu lililokwisha pona. Kwa ajili ya ukaguzi peke yake siwashauri wanaouliza wahangaike navyo, kwa sababu niliyokwisha kuitaja ya skana.

Hata hivyo, msimamo wangu wa kutovua una mipaka, na nisingependa nionekane kama mtu wa kung'ang'ania. Vitu vizito na vilegevu huvitoa mapema: mkufu unaounganisha pua na sikio, hereni kubwa za kuning'inia, vikuku, pete nene za vidoleni. Mwenye ndewe zilizopanuliwa anayevaa vizibo vya chuma vyenye uzito, na ambazo zimepona miaka mingi iliyopita, hapotezi kitu akibadilisha na kuvaa vya mbao au silikoni siku ya safari, ingawa masikio yako wazi na afisa atayaona vyovyote vile. Mapambo yenye ncha ndefu kama mwiba ningeyaacha nyumbani, au ningeyaweka katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwa kuwa hapo hoja ya afisa kwamba ni kitu chenye ncha kali ina mashiko. Koleo dogo la kufungulia pete nalo hukaa katika mzigo huohuo, maana sheria za vifaa vya mkononi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Na siku ya safari huvaa nguo zisizo na metali: suruali ya kamba kiunoni, viatu vyepesi, nguo ya ndani isiyo na waya. Nguo hizo hunisaidia kuliko pambo lolote ambalo ningelivua, kwa sababu hulipunguzia lango jumla ya metali linayoipima kwa pamoja.

Picha ya pasipoti huulizwa mara chache, lakini nayo iguswe kidogo. Kwa nchi nyingi mapambo ya usoni si tatizo mradi hayafichi sura wala kuakisi mwanga. Marekani, kwa mfano, inaruhusu waziwazi hereni na vipini katika picha ya pasipoti. Kama ulipigwa picha huna kipini na sasa unacho, sura ni ileile, na sijawahi kuulizwa neno juu ya hilo.

Jambo ambalo waandishi wengine hulipita haraka ni glavu. Glavu za afisa hazimkingi abiria. Zinamkinga afisa, na kabla yako zimekwisha kugusa mikanda, soli na trei zilizopitiwa na kila kiatu. Upekuzi wa juu ya nguo hauna shida. Ikiwa afisa anataka kugusa karibu na tundu ambalo halijapona, mwombe abadilishe glavu kwanza. Ni ombi la kawaida, na sijaona likikataliwa. Pambo lenyewe lisizungushwe wala kuvutwa na mtu yeyote. Kama ni lazima lisogezwe, ulisogeze wewe, kwa mkono ulionawa.

Baada ya kuvuka, aliye na kidonda kipya atafute mahali pa kukaa na akisafishe kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda, yale yenye chumvi gramu 9 kwa lita. Tangu mwaka 2006, baada ya kufichuliwa nchini Uingereza njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi haviruhusu chupa inayozidi mililita 100 katika mkoba wa mkononi, kwa hiyo nunua chupa ndogo, uiweke pamoja na vimiminika vingine kabla ya kufika kwenye mkanda. Angalia pia kama gololi zimekaza. Nyuzi zake hulegea zenyewe kwa kuguswaguswa, na baada ya upekuzi hulegea zaidi. Mimi hubeba gololi moja ya akiba ya kila ukubwa ndani ya kikasha kidogo cha plastiki, maana iliyodondoka chini ya kiti cha ndege haipatikani tena. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, kidonda kitavuta kidogo, na mkanda wa kiti ukipita juu ya kitovu kilichotogwa karibuni utausikia kila ndege inapotikisika. Ushushe mkanda ukae kwenye nyonga, ambako ndiko unakotakiwa kukaa hata kwa asiyetogwa.

Na ikiwa safari yako ina uwanja wa kubadilishia ndege, jiandae kukaguliwa upya kabla ya ndege ya pili. Hapo unaweza kukuta mashine ya aina nyingine kabisa, na kilichopita kimya katika ya kwanza kikahitaji maelezo katika ya pili. Acha muda wa kutosha kati ya ndege na ndege, na ubaki na maneno yaleyale: nimetogwa, pambo liko hapa, ningependa tuangalie faraghani.